i/o ya Peter Gabriel: usikilize miksi ya mwanga, ya giza au ya ndani?

Tangu mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel atoe albamu ya i/o tarehe 1 Desemba 2023, wapenzi wa roki hawajaacha kuvutana juu yake. Wapo wanaosema mzee hajafanya kazi nzuri kiasi hiki tangu albamu ya So ya mwaka 1986. Wapo wanaosema nyimbo za taratibu zimezidi, na kwamba kila kitu kimesafishwa mpaka kimekosa makali. Wengine wameudhiwa na hesabu yenyewe: miaka 21 tangu Up ya 2002, albamu yake ya awali ya nyimbo mpya alizotunga mwenyewe, halafu anarudi na nyimbo 12, kila moja zaidi ya mara moja.

Naona sehemu kubwa ya mabishano haya inatokana na jambo ambalo wengi hulipita haraka: wanaobishana hawakusikiliza kitu kile kile. i/o ina miksi tatu. Bright-Side, yaani upande wa mwanga, imefanywa na Mark "Spike" Stent. Dark-Side, upande wa giza, ni ya Tchad Blake. In-Side, ya ndani, ni ya Hans-Martin Buff, naye aliipanga kwa mfumo wa Dolby Atmos unaoizungusha sauti pande zote za msikilizaji. Hapa chini nitaziita kwa kifupi Mwanga, Giza na Ndani.

Kwa asiyewahi kukaa studio: kila ala hurekodiwa kwenye njia yake, sauti ya mwimbaji njia yake, waitikiaji njia yao. Fundi mitambo anayemiksi ndiye huamua nini kiwe mbele, nini kirudi nyuma, besi ipewe nafasi kiasi gani, mwangwi uwe mrefu au mfupi. Kwenye i/o mafundi hawa walikabidhiwa kazi ile ile ya Gabriel na wenzake, kila mmoja akaachwa afuate sikio lake. Gabriel mwenyewe amewahi kuwaeleza hivi: Blake anafanya kazi kama mchonga sanamu, Stent kama mchoraji. Ukisikiliza unaelewa alichomaanisha.

Swali la "i/o ni nzuri au mbaya?" haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya kuuliza "umesikiliza ipi, na umeisikilizia wapi?"

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima zote tatu kwa mambo matano: sauti ya mwimbaji na maneno yake, besi na ngoma, kifaa unachosikilizia, uchovu wa sikio, maana albamu ina dakika 68 hivi, na upatikanaji pamoja na gharama. Nimeongeza la sita ambalo wachambuzi wengi huliacha, nalo ni muziki uliokulea. Sikio lililokulia dansi la Dar es Salaam halitafuti kitu kile kile na sikio lililokulia roki ya Uingereza.

Sauti na maneno

Gabriel alizaliwa Februari 1950, kwa hiyo albamu ilipotoka alikuwa na miaka 73. Sauti yake imezeeka vizuri. Ule mkwaruzo uliokuwepo tangu enzi za Genesis, kundi aliloliacha mwaka 1975, sasa una uzito wa mtu anayesema mambo aliyoyaishi. Na maneno ya albamu hii yanaudai uzito huo. Playing for Time inazungumzia wakati na kumbukumbu. So Much inakubali kwamba muda uliobaki una kikomo. And Still ni ya mama yake aliyefariki. Live and Let Live, inayofunga albamu, ni wimbo wa msamaha.

Mwanga inaisogeza sauti hii mbele. Kwenye And Still unasikia pumzi kabla ya neno, unasikia anapolegeza herufi ya mwisho. Anayetaka kufuata mashairi bila kuyasoma mahali atahudumiwa vizuri hapa.

Giza inaitumbukiza sauti ndani ya ala. Kuna sehemu Gabriel anaonekana kama anapambana ili asikike, hasa kwenye Four Kinds of Horses, wimbo unaogusa dini na vurugu zinazofanywa kwa jina lake. Kwangu mimi mapambano hayo yanaupa wimbo ule ukweli wake. Ukiwa safi mno unakuwa somo. Lakini anayelalamika kwamba hapo maneno yanapotea hakosei.

Ndani inamweka mwimbaji katikati na kuvipanga vingine kumzunguka. Waitikiaji ndio wanaonufaika zaidi. Kwenye wimbo wa i/o wenyewe wanaimba Soweto Gospel Choir wa Afrika Kusini, na kwenye miksi hii kwaya ina upana wa kwaya halisi, watu waliosimama mahali fulani, kila mmoja na nafasi yake.

Besi na ngoma

Tofauti kubwa iko hapa, na hapa ndipo ningemshauri kila mtu aanzie kupima.

Watu watatu wanabeba uti wa mgongo wa albamu hii. Tony Levin kwenye besi amekuwa na Gabriel tangu albamu yake ya kwanza ya peke yake, mwaka 1977. David Rhodes kwenye gitaa alijiunga wakati wa albamu ya 1980. Manu Katché kwenye ngoma, Mfaransa mwenye asili ya Ivory Coast, alipiga kwenye So. Wamezoeana kiasi kwamba hakuna anayemwingilia mwenzake, na uelewano huo ni kitu fundi anayemiksi anaweza kukionyesha au kukificha.

Chukua The Court, wimbo wa pili. Katika Mwanga, mdundo uko safi na umekaa sawa. Unasikia ncha ya kijiti kwenye ngoma, na nyuzi za okestra zilizopangwa na John Metcalfe zinapita juu bila kugombana na kitu. Katika Giza, ngoma ile ile imekuwa nzito na chafu kidogo, imesogezwa karibu na uso wako, na besi ya Levin inatembea chini yake hadi wimbo unaanza kutisha. Ni wimbo wa mahakama na hukumu, kwa hiyo kutisha kunaufaa. Blake anajulikana kwa ukwaruzaji huu wa makusudi, na ndiye aliyemiksi Up. Walioipenda Up watajiona wako nyumbani.

Geuza sasa uende Olive Tree. Huu ni wimbo mchangamfu, na hapa Stent anashinda, kwa maoni yangu, bila jasho. Ala zinapishana kwa wepesi na wimbo unapanda. Uzito wa Giza unaukalia. Road to Joy, uliofanywa kwa ushirikiano na Brian Eno, uko katikati: Mwanga inakufanya ucheze, Giza inakufanya utikise kichwa taratibu. Sikupata sababu ya kuipendelea moja.

Ndani haina besi nzito kama ya Giza, ila ina nafasi. Unaweza kumfuata Levin peke yake wimbo mzima kama unataka, kwa sababu hakuna aliyemkalia. Kwa mpiga besi anayejifunza, hilo ni darasa.

Kifaa unachosikilizia

Nimesoma hukumu nyingi kali juu ya albamu hii, na karibu zote hazitaji kifaa kilichotumika.

Spika ya simu: chagua Mwanga, wala usifikirie mara mbili. Spika ndogo haiwezi kutoa besi, na Giza imejengwa juu ya besi. Ukiisikiliza Giza kwenye simu utabaki na tope la katikati, na utasema mzee amechoka wakati kilichoshindwa ni spika.

Sabufa ya sebuleni: hapa panahitaji uangalifu. Sabufa nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimepandishwa besi tangu kiwandani, kwa sababu mteja akijaribu dukani anataka kusikia kishindo. Ukiweka Giza juu ya kishindo hicho, besi inajaa chumba na kuanza kuvuma, sauti ya Gabriel inazama kabisa. Punguza kitufe cha besi hadi katikati au chini yake kabla ya kuhukumu. Mwanga inavumilia sabufa vizuri zaidi, na inapata nyama ambayo kwenye simu haikuwa nayo.

Hedifoni nzuri: Giza inafunguka hapa kuliko popote. Vile vitu vidogo vilivyofichwa nyuma, vigugumizi vya mashine, mwangwi unaokatwa ghafla, vinaonekana. Ndani pia inasikika kwa hedifoni, kwa sababu programu zinazotoa Dolby Atmos zinaweza kuiga mzunguko wa sauti kwa masikio mawili. Sio sawa na chumba chenye spika nyingi, lakini unapata sehemu ya raha yake.

Gari: Mwanga kwa safari ya mchana yenye kelele za barabara. Giza usiku, kioo kimefungwa.

Chumba chenye spika za Atmos: ni wachache mno walio nacho, na hao wanajua tayari kwamba Ndani imetengenezwa kwa ajili yao.

Uchovu wa sikio

Dakika 68 ni nyingi. Wimbo mmoja ulitolewa kila mwezi mpevu wa mwaka 2023, kuanzia Panopticom tarehe 6 Januari hadi Live and Let Live mwishoni mwa Novemba. Agosti ilikuwa na miezi mipevu miwili, ikapata nyimbo mbili. Miksi moja ilitangulia, nyingine ikafuata baadaye. Aliyesikiliza kwa mpango huo hakuchoka hata siku moja, maana alikuwa na wiki nne za kukaa na wimbo mmoja. Aliyekutana na albamu nzima Desemba alikutana na mlima.

Ndiyo maana wale waliofuatilia mwaka mzima na wale waliosikiliza kwa mkupuo mmoja hawaelewani. Wa kwanza wanasema kila wimbo una uhai wake. Wa pili wanasema nusu ya pili inalala. Wote wana haki.

Mwanga inachosha pole pole: uzuri wake ni wa namna moja, na ukifika Love Can Heal sikio limeanza kutamani kitu kibichi. Giza inachosha mapema zaidi kwa sababu ya uzito, lakini ukipumzika katikati inarudi na nguvu zote. Ndani ndiyo inayovumilika kwa muda mrefu, kwa kuwa sauti hazijabanana. Na niseme wazi kwa wale ambao shida yao ni mwendo: kama unaona nyimbo za taratibu zimezidi, hakuna miksi itakayokusaidia. Mafundi walibadilisha uzito na mwanga, hawakubadilisha kasi.

Upatikanaji na gharama

Kwenye programu za muziki mtandaoni Mwanga na Giza zipo zote, jina la miksi likiwa limeandikwa baada ya jina la kila wimbo. Angalia jina hilo kabla ya kubonyeza, kwa sababu ni rahisi kusikiliza moja tu ukadhani umesikiliza zote. Kwa anayehesabu bando, miksi moja nzima kwa ubora wa juu wa kawaida, kilobiti 320 kwa sekunde, hula MB 160 hivi. Mbili ni kama MB 320. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi, usikilize baadaye bila kurudi mtandaoni.

Anayependa kushika kitu mkononi ana CD mbili zenye Mwanga na Giza pamoja, na hiyo ndiyo njia ya haki kuliko zote za kulinganisha. Santuri za kawaida zinauzwa kila miksi peke yake, kwa hiyo mnunuzi wake huchagua kabla ya kununua. Ndani inapatikana kwenye Blu-ray iliyofungwa pamoja na CD hizo, na kwa programu chache za mtandaoni zenye Atmos.

Kuna anayetafuta msaada kwenye tuzo. Hatazipata zikimwelekeza upande wowote. Februari 2025 i/o ilishinda Grammy mbili za ufundi: moja ya albamu iliyorekodiwa na kumiksiwa vizuri zaidi nje ya muziki wa klasiki, ambayo Stent na Blake wote wawili wametajwa, na nyingine ya sauti ya kuzunguka, iliyokwenda kwa Ndani.

Muziki uliokulea

Kwa Afrika Mashariki, Gabriel si jina geni hata kwa asiyejua wimbo wake mmoja. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, na WOMAD ya kwanza ya mwaka 1982 kule Shepton Mallet, Uingereza, iliwapandisha jukwaani wapiga ngoma wa Burundi. Lebo yake ya Real World, iliyoanza 1989, ndiyo iliyotoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada na nyatiti yake, na Chibite ya Hukwe Zawose wa Bagamoyo. Mwaka 2024 lebo hiyo hiyo ikatoa Maisha ya The Zawose Queens.

Nayataja haya kwa sababu yana matokeo sikioni. Msikilizaji aliyemjua Gabriel kupitia Dokta Remmy au Zawose anaweza kufika kwenye i/o akitarajia ngoma nyingi na sauti za watu wengi, asizikute. Albamu hii imeegemea piano, nyuzi na mashine. Kwa msikilizaji huyo, nadhani Giza ni mlango mbaya: uzito wake ni wa studio, si wa ngoma za mkono. Aanze na wimbo wa i/o kwenye Mwanga au Ndani, pale kwaya ya Soweto inapoingia, halafu Olive Tree. Akitoka hapo ataweza kuingia kwenye nyimbo za polepole akiwa tayari ameshika mkono wa mtu.

Aliyekulia dansi, aliyezoea kufuata gitaa la solo, la rizimu na besi zikizungumza kila moja kwa zamu, nadhani Ndani itamfurahisha kuliko anavyotegemea. Nafasi kati ya ala ndiyo aliyoizoea.

Mpenzi wa roki nzito, au wa hip hop yenye biti ya giza, hana sababu ya kupitia Mwanga kwanza. Aende moja kwa moja Giza, aanze na The Court, afuate Four Kinds of Horses.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Una dakika chache na hujaamua kama albamu inakufaa: sikiliza The Court na Playing for Time, kila mmoja kwa Mwanga kisha kwa Giza. Haifiki nusu saa. Wimbo wa kwanza una mdundo, wa pili una piano na okestra, kwa hiyo utakuwa umeona ncha zote mbili. Ikiwa The Court ya Giza imekukamata, endelea na Giza. Ikiwa Playing for Time ya Mwanga ndiyo iliyokusimamisha, endelea na Mwanga.

Umeshasikiliza, hukupenda, na ulitumia simu au sabufa yenye besi juu: rudia mara moja kwa hedifoni kwa miksi ile ambayo hukuisikiliza. Usipopenda tena, basi hukupenda, na hakuna wa kukulaumu.

Unataka kumpa zawadi mzazi au mjomba aliyependa Gabriel wa miaka ya themanini: CD mbili, ili achague mwenyewe. Kama ni santuri, mnunulie Mwanga, maana iko karibu zaidi na usafi aliouzoea kwenye So. Lakini kama ni mtu aliyekuwa akiisifia Up, mpe Giza.

Wewe ni fundi mitambo au prodyuza unayejifunza: hapa usichague. Kusikia malighafi ile ile ikipita mikononi mwa mafundi watatu wakubwa ni bahati ambayo haitokei mara nyingi. Weka wimbo mmoja, sikiliza dakika ya kwanza ya Mwanga, kisha ya Giza, andika nini kimesogea. Fanya hivyo kwa ngoma peke yake, halafu kwa sauti peke yake. Hakikisha umesawazisha ukubwa wa sauti kati ya miksi mbili, kwa sababu sikio hudanganywa na kilicho juu zaidi likadhani ndicho bora.

Huna subira na albamu ndefu: fuata mpango wa mwezi. Wimbo mmoja kila mwezi mpevu, kwa mpangilio wa albamu, miksi yoyote unayotaka. Ukianza na Panopticom mwezi ujao, mwaka haujaisha tangu hapo na utakuwa umefika Live and Let Live.